Miaka Yangu Kwenye Kipaza Sauti cha Uwanja wa Chuo

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa na chuo kilikuwa ufunguo wa stoo isiyokuwa na mlango. Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha mawe ya matumbawe kando ya uwanja wa mpira, na ndani mlikuwa na mipira iliyopwaya, nyavu zilizofungwa kama mzigo wa kuni, bendera za kona na magunia ya chokaa. Karani aliyenipa ufunguo alinihimiza nisiupoteze. Nikamwahidi. Alipoondoka nikavuta gunia moja hadi pale ambapo mlango ungekuwa, nikalikalia, maana sikuona njia nyingine ya kuifunga stoo.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Tsuma, mtunza uwanja, jembe begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema, akanitazama mimi na gunia langu. "Wewe ndiwe mlango?"

"Ndimi."

"Basi nifungukie nichukue kamba."

Nikasogea, akapita. Mlango wa mbao ulikuja baadaye, fundi aliporejea kutoka matangani Kikoneni, lakini Mzee Tsuma hakuacha kuniita Bi Mlango mpaka alipostaafu. Jina langu ni Mejumaa, na kwetu ni Kinondo. Mwaka huu nimestaafu mimi, na nyinyi wenzangu mliobaki ofisi ya michezo mmeniomba niwaandikie jinsi uwanja ulivyokuwa na ulivyotumika. Mambo ya vyeo na mshahara nayaacha. Vyeo vilikuja polepole na mshahara uliondoka haraka, na hayo mnayajua wenyewe.

Uwanja ulikuwako kabla ya chuo. Hilo ndilo jambo ambalo kila mgeni hulikosea. Pale palikuwa kiwanja cha kijiji, kimezungukwa na mikorosho, milingoti ya goli ni miti ya mvinje, na mstari wa katikati ulichorwa kwa kisigino. Vijana walikuwa wakicheza hapo kila siku baada ya Alasiri. Wazee walipokubali ardhi ile ijengwe chuo, waliomba jambo moja: kiwanja kibaki kiwanja, na Jumamosi kibaki cha kijiji. Kwa hiyo madarasa, mabweni na maktaba vyote vilijengwa kukizunguka, na ndiyo sababu mwanafunzi akitoka maktaba kwenda kula ni lazima apite nyuma ya goli la kusini, na aking'ang'ania kutazama anakikuta chakula kimepoa. Wakubwa wapya wa chuo huja wakauliza kwa nini Jumamosi lango li wazi. Waelezeni kwa upole. Wote niliowaeleza mimi walielewa, na mmoja wao aliishia kuichezea timu ya kijiji, beki wa kushoto. Hakuwa beki mzuri, lakini hakukosa hata Jumamosi moja.

Mzee Tsuma alikuwa Mduruma wa Kinango. Alikotoka, maji hufuatwa mbali kwa punda, na hilo lilionekana katika kazi yake. Alinyunyizia nyasi kama anayemnywesha mgonjwa uji, kidogo kidogo, huku akiangalia kama umeshuka. Alinifunza kuizima chokaa kwa maji siku moja kabla ya mechi na kuiacha ilale, kwa kuwa chokaa mbichi humchoma mchezaji akiteleza, na mchezaji aliyeungua paja husema maneno yasiyofaa mbele za wageni. Alinifunza kuilowesha sindano ya pampu kabla ya kuitia mpirani, na kutokunja wavu ulio na unyevu hata kama kocha anapiga kelele aende nyumbani. Mpaka leo nikiona wavu mbichi umekunjwa moyo hunienda mbio.

Viti vya mahafali vilikuwa adui zake. Kila mahafali yalipokaribia alinuna, kwa sababu miguu ya viti ilizama na kuacha uwanja na matundu kama umeugua ndui. Alitafuta mbao kila pembe ya chuo, akazitandika chini ya viti. Mama wa mhitimu akitokea amevaa viatu vya kisigino kirefu, Mzee Tsuma alimtandikia ubao mbele yake, kisha mwingine, mpaka akafika kitini, na yule mama alipita akitabasamu, akidhani ni taadhima ya chuo.

Kuna masika ambayo uwanja wa Idi wa kijiji ulijaa maji, Imamu akaja kuuliza kama sala ingeweza kuswaliwa kwetu. Chuo kikakubali. Mwezi ulipoonekana, asubuhi yake watu wakaja na mikeka yao. Uwanja wetu umelala kusini kwenda kaskazini, na kibla chetu ni kaskazini, kwa hiyo safu zilifuata mistari ya chokaa bila taabu yoyote: safu ya kwanza mstari wa goli, nyingine mstari wa kumi na nane, na kuendelea mpaka katikati. Mzee Tsuma, ambaye ni Mkristo, alisimama langoni tangu alfajiri akiwaomba watu wavue viatu mapema. Mtu mmoja akamshukuru kwa kuiheshimu sala. "Kwa ajili ya Mungu," akajibu, "na kwa ajili ya nyasi."

Kipaza sauti kilinijia kwa sababu ya mbuzi. Tulikuwa tunacheza na chuo kimoja cha Mombasa, na mtangazaji wa uwanja alikuwa mwanafunzi kutoka Nairobi, kijana mchangamfu sana. Katikati ya mchezo mbuzi mweusi akaingia, akaenda moja kwa moja hadi ndani ya kumi na nane ya wageni, akasimama. Refa akapuliza filimbi.

"Mwenye hii mbuzi aitoe haraka, tuko na game hapa," kijana akatangaza. "Mbuzi yako imezubaa kwa box."

Watu wakacheka, na walivyozidi kucheka ndivyo mwenye mbuzi alivyozidi kutojulikana. Sisi wenyeji tulimjua. Alikuwa Mzee Kassim, jirani wa chuo, na alikuwa ameketi jukwaani akitazama mbingu kama mtu anayeagua mvua. Mimi nilikuwa kando ya meza ya mtangazaji, nimefuata pampu yangu. Nikamwambia yule kijana, "Hebu nipe nafasi kidogo, mwanangu."

Nikakishika kile chombo. "Assalamu alaikum, na nyote hamjambo," nikasema. "Mchezo umesimama kidogo kwa kuwa amekuja mgeni ambaye hatukumwandalia. Twamwomba mwenyeji wake, kwa hisani yake, aje amchukue ampeleke nyuma ya maktaba, kuna majani mazuri. Tutamngoja. Hatuna haraka."

Mzee Kassim akainuka, akaiweka kofia yake sawa, akashuka taratibu. Akamshika mbuzi pembe, akatoka naye, na jukwaa zima likampigia makofi. Alipofika langoni aliinua mkono kama mgeni rasmi. Siku ile nilijifunza kwamba ukitaka mtu ainuke mbele ya watu, mpe kwanza njia ya kuinuka bila kuaibika.

Kocha Wekesa, mkubwa wetu wa michezo, mtu wa Bungoma, alinifuata stoo baada ya mechi. "Mama, kumbe uko na sauti namna hii na unakaa tu na mipira?"

"Mipira nayo yataka mtu, kocha."

"Itapata. Mechi ijayo wewe ndiye utatangaza."

Yule kijana wa Nairobi hakununa. Alinifunza vitufe vya mashine, nami nikamfunza kuomba watu. Mume wangu Hamisi, fundi cherehani wa Ukunda, alipopata habari aliinua kichwa kwenye mashine yake ya kushonea akasema, "Wewe nyumbani twakusikia bila kipaza sauti. Huko wakikuongezea, si watahama?"

Kazi ile ina mambo madogo ambayo hakuna akuambiaye mpaka uyagundue mwenyewe. Chombo kikae mbali na mdomo kiasi cha ngumi moja. Sema neno, ungoje sauti irudi kutoka ukuta wa maktaba, kisha useme jingine. Ukiharakisha, maneno yako yatagongana huko nje na watu wasikie mlio wa bata. Na kabla ya mechi nenda kwa kila mchezaji, wa kwenu na wa wageni, umuulize jina lake linavyotamkwa kwao. Ukilikosea jina la mtu mbele ya mamake, umemkosea mamake.

Chuo kilipoanzisha timu ya wanawake, wachezaji walikuwa hawatoshi hata kujaza upande mmoja. Mzee Tsuma akatuambia kwamba kwao Kinango kuna binti wa ndugu yake, mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, jina lake Mbeyu, ambaye mikono yake haikosi kitu. Tatizo lilikuwa babake. Basi Kocha Wekesa, Mzee Tsuma na mimi tukaenda Kinango siku ya mnada wa mifugo, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mzee yule angepatikana, na tukamkuta kati ya ng'ombe. Kocha akaeleza kwa kirefu habari za afya na nidhamu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Huko uwanjani atadaka nini?"

"Mipira, baba."

"Inakuja kwa kasi?"

"Yaja kwa kasi."

"Ina pembe?"

"Haina."

"Basi na adake," akasema. "Hapa amekuwa akidaka ndama." Halafu akamuuliza Kocha kama angependa kununua ng'ombe, na Kocha, kwa adabu, ilimbidi aangalie meno ya ng'ombe wawili watatu kabla ya kuaga.

Mbeyu alikuwa mrefu, mkimya, na alidaka kama alivyosifiwa. Timu ikakua. Mabinti wengine wa hapa hapa wakajiunga, wakaja na suruali ndefu ndani ya bukta na vilemba vilivyobanwa kwa pini, na akina mama waliokuwa wakipita njia na kugeuza nyuso wakaanza kupita na kusimama. Mwisho wakaanza kuja na mikeka. Ikafika mwaka ambao timu yetu iliingia fainali ya vyuo vya pwani, na fainali ikapangwa kuchezwa kwetu.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote nilizofanya kazi, nami naieleza kwa kuwa nyinyi mtasimamia siku zenu.

Wakati huo jukwaa letu lilikuwa la vyuma na mbao. Liliitwa jukwaa la muda, na muda lilikuwa nao, maana lilikaa miaka. Masika yalikuwa yamenyesha wiki nzima na ardhi ililainika. Watu wakaja kuliko tulivyowahi kuona: malori kutoka Kinango, akina mama wa Kikoneni kwa leso za sare, Kinondo nzima nadhani hakubaki mtu. Mamake Mbeyu alikuwa safu ya juu kabisa, mara yake ya kwanza kumwona binti yake akicheza. Mamangu mzazi alikuwa safu ya katikati na kimkoba chake cha tambuu. Wageni rasmi walikuwa wamekaa katikati yao kwenye viti vya mito.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kimeendelea vyema, bado hakuna bao, Mhandisi Mwikali alipokuja mezani kwangu. Huyu alikuwa mhandisi wa majengo wa chuo, mwanamke wa maneno machache. Asubuhi ile alikuwa amekataa kuliamini lile jukwaa, na tangu mechi ianze alikuwa akiingia chini yake kuliangalia. Alikuwa na matope hadi magotini. Aliinama sikioni mwangu.

"Bi Mejumaa, nguzo za nyuma zinazama. Polepole, lakini zinazama. Watu washuke, wa juu kwanza, na asikimbie hata mmoja. Wakisikia neno hatari wataliangusha wenyewe."

"Nina muda gani?"

"Sijui. Usingoje mapumziko. Wakiinuka wote kwa pamoja, basi."

Nikalitazama jukwaa, nikamwona mamangu anafungua kimkoba chake. Nilitamani kuanza na yeye, Mungu anajua. Lakini wa juu kwanza. Mhandisi akaenda kusimama kwenye ngazi ya kushoto, Mzee Tsuma akaenda ya kulia, na Kocha Wekesa akamnong'onezea refa aache mpira uendelee. Nikasema bismillahi, nikafungua kipaza sauti.

"Mama zetu wa Kinango mlioko safu ya juu, karibuni. Mmetoka mbali, na chuo hakipendi kuwaona mko mbali na watoto wenu. Tumewatengea nafasi nyasini, kando ya mstari. Twaomba mshuke safu ya juu peke yake, wengine mtaitwa kwa zamu. Mshuke kwa mwendo wa bibi harusi. Haraka ni ya bwana harusi."

Wakacheka, wakainuka. Lakini mama wa Kinango ukimpa heshima mbele ya watu hainuki kimya. Walianza wimbo, na wimbo ukaanza kushuka miguuni. Mbao zikatikisika. Mhandisi alinitazama kutoka ngazini, nikaona uso wake umebadilika.

"Vigelegele ndiyo, mama zangu," nikasema, na sijui sauti ile tulivu niliitoa wapi. "Miguu bado. Miguu tuiweke akiba, ngoma itachezewa nyasini, si mbaoni. Atakayecheza mbaoni atakuwa ameimaliza ngoma yake mapema."

Miguu ikatulia. Vigelegele vikashuka ngazi, akina mama mmoja nyuma ya mwingine, mkono kwenye bega la mwenzake. Nikaita safu ya pili.

Hapo ndipo mshambuliaji wa wageni alipochomoka peke yake. Nikaona watu kwenye ngazi wanaanza kusimama na kugeuka. Yule msichana akapiga kombora la pembeni kabisa, na Mbeyu akaruka mzima mzima, akaupangua, ukagonga mlingoti, akaurukia tena akiwa angali chini na kuukumbatia. Sikuwahi kuona mtu akiokoa mpira namna ile, wala sijaona tena. Nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya nazi, "Kipa ameokota mpira. Hakuna jambo. Safu ya tatu, karibuni."

Ngazi zikaendelea kusogea. Mamangu alipofikiwa na zamu yake alishuka kama walivyoshuka wenzake, akapita mezani kwangu na kusimama. "Sauti yako leo imekauka," akasema. "Kunywa maji." Nikamwambia nitakunywa, apite. Akasimama mpaka nikanywa.

Waliobaki walikuwa wageni rasmi. Mkubwa wao alikuwa amejiegemeza kwenye mto wake, ameridhika, na hakuonekana kuwa na nia ya kwenda popote. Nikatangaza, "Na sasa, ndugu wananchi, mgeni wetu rasmi naye ameona afadhali akae nyasini pamoja na akina mama. Tumpokee." Mgeni rasmi hakuwa ameona jambo kama hilo. Lakini watu wote walikuwa wanampigia makofi, naye akainuka, akatabasamu, akashuka akipunga mkono. Alipofika chini Mhandisi alimwambia maneno mawili, nikamwona amemshika Mhandisi mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza jukwaa lilipokwenda. Halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa chini upande wa nyuma, taratibu, kama mzee anayeketi mkekani, kisha mbao zikateleza zikalaliana, na kiti kimoja cha mto kikabingirika hadi chini. Refa akasimamisha mchezo. Nilisikia mtu akisema Alhamdulillahi, na mwingine upande wa pili akasema Mungu ni mwema. Mamangu alikuwa ameketi nyasini na mkono kifuani, hakulitazama jukwaa, alinitazama mimi.

Askari wa chuo wakazungushia kamba, Mhandisi akakagua, akasema kwingine kote ni salama. Refa akawaita manahodha wawili na kuwauliza kama waahirishe. Nahodha wa wageni, msichana mfupi mwenye bendeji gotini, akasema, "Mama zetu wako hai, wako hapa karibu. Tutakwenda nyumbani kufanya nini? Tucheze."

Wakacheza, na watu wamezunguka mstari wote kama mkufu. Bao letu lilikuja mwishoni, kona, kichwa, wavuni. Nililitaja jina la mfungaji kama linavyotamkwa kwao, nikangoja sauti irudi kutoka ukuta wa maktaba, nikalitaja tena. Filimbi ilipolia nikasema, "Miguu sasa, ruhusa." Akina mama wakaingia uwanjani na leso zao, na wachezaji wa timu zote mbili wakavutwa ndani, na refa pia. Ardhi ilikuwa imelowa, na nyasi zilikuwa zinang'oka mabonge mabonge. Nikamtafuta Mzee Tsuma. Alikuwa amesimama kwenye mstari wake wa katikati, ambao haukuonekana tena, machozi yanamtoka. Nikadhani ni uchungu wa nyasi, nikamwendea kumpa pole.

"Zitaota," akasema. "Acha wacheze."

Kesho yake Mbeyu alikuja stoo kurudisha glavu. Akaziweka mezani, hakuondoka.

"Bi Mejumaa, ule mpira wa jana nilioupangua ukagonga mlingoti."

"Niliuona, mwanangu."

"Mbona ulisema nimeuokota?"

Nikamweleza. "Mamangu naye alikuwa ngazini, hakugeuka," akasema. "Hajui kama niliokoa. Mpigie simu umwambie." Basi nikampigia mamake Kinango, nikamtangazia ule mpira wote upya, tangu yule msichana alipochomoka hadi Mbeyu alipoukumbatia, na safari hii sikuacha kitu. Nadhani niliongeza kidogo. Mbeyu alisimama pale mkono mdomoni akisikiliza vigelegele kwenye simu.

Jukwaa mnaloliona leo, la zege, fupi, lililoegemezwa kwenye mwinuko, lilisimamiwa na Mhandisi Mwikali tangu msingi. Ni imara, lakini akina mama hawajalizoea hadi leo. Hukaa nyasini kando ya mstari, na msiwaondoe. Mbeyu ni mwalimu wa michezo Kinango na hutuletea mabinti kila mwaka. Mzee Tsuma alipostaafu aliondoka na gunia la mbegu za nyasi za uwanja, akazipanda mbele ya nyumba yake. Zikaota vizuri mno. Nilipompigia kumuuliza hali yake aliniambia, "Bi Mlango, nimezilinda na wanafunzi miaka yote ile. Mbuzi wa ndugu yangu wamezimaliza asubuhi moja." Akacheka mpaka akakohoa. Ndugu yake mwenyewe nilimsikia nyuma akisema kwamba mbuzi wamenenepa.

Mimi mmeniaga vizuri, chakula kilikuwa kizuri na hotuba zilikuwa fupi, jambo ambalo chuoni ni nadra. Kipaza sauti nimemwachia Riziki, binti wa Msambweni, ambaye hahitaji kufunzwa na mtu. Yeye huyauliza majina ya wachezaji na akayaimba peke yake njiani asije akayasahau.

Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu nilikuwa nimekaa nyumbani sijui nifanye nini na mikono yangu. Hamisi akafunga cherehani yake mapema. "Twende mpirani," akasema. Miaka yote hiyo hakuwahi kutazama mechi pamoja nami, kwa kuwa mimi nilikuwa mezani na yeye hakupenda kukaa peke yake. Tukaenda, tukakaa nyasini kati ya akina mama, timu ya kijiji ikicheza na wanafunzi.

Mtangazaji hana timu. Miaka yote niliyokaa kwenye ile meza nilitaja mabao ya wageni kwa sauti ile ile niliyotajia yetu, na mtu akikosa bao la wazi nilisema tu mpira umetoka. Nilidhani hiyo ndiyo tabia yangu. Lakini kijiji kilipopata nafasi ya kwanza nikajikuta nimesimama. Kwa ya pili nilikuwa nimemshika Hamisi ukosi wa shati. Refa alipotunyima penalti nilimwambia maneno ambayo mamangu, aliyekuwa mkeka wa pili, aligeuka kuyasikiliza vizuri. Na bao lilipoingia nilipiga kelele pamoja na wote, ndefu, bila kungoja sauti irudi kutoka mahali popote, kisha nikapiga nyingine.

Tuliporudi, Hamisi aliniuliza njiani kama tupitie sokoni tununue samaki. Nikafungua mdomo kumjibu, hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imekwisha yote. Akanitazama, akacheka, nami nikatikisa kichwa kukubali, tukaenda zetu sokoni.